Jinsi ya kujadili Utatu na rafiki asiyeuamini bila kugombana: mwongozo kamili

Kuna meseji naletewa sana na zinafanana mpaka basi. Mtu ana rafiki, wa ofisini au wamesoma wote, mcha Mungu kabisa, Biblia anaijua kuliko wazee wengi wa kanisa, ila haamini Utatu. Anasema Mungu ni Baba peke yake, Yesu ni Masihi, Mwana wa Mungu, lakini ni mwanadamu. Wakaanza kujadili, baada ya nusu saa yule wa Utatu kabanwa, kapaniki, kamwambia mwenzie "basi si uende msikitini tu", na urafiki umeingia doa.

Mimi ni wa Utatu, nasema mapema ili usome ukijua nimesimama wapi. Ila wengi wanaobanwa hawabanwi kwa sababu mwenzao ana maandiko makali sana. Wanabanwa kwa sababu wanatetea kitu ambacho sio Utatu. Wanapambana kuonyesha kwamba Yesu ndiye Baba, na hilo hakuna mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) uliowahi kulifundisha, sio Nikea mwaka 325 wala Konstantinopoli 381. Kwahiyo rafiki anapiga hoja ambayo hata wewe ulitakiwa uipige.

Historia ya mitaguso naiacha, haitakusaidia ukiwa umekaa naye uso kwa uso. Twende kwenye kazi.

Vitu vya kuandaa kabla

- Biblia mbili, Union Version na Habari Njema. Union ndio iliyo vichwani mwa watu, Habari Njema inasaidia pale sentensi ya Union inapokuwa ngumu kumeza. Biblia ya kwenye simu ni nzuri kwa kutafuta mstari, ila zima data, la sivyo mtaishia kurushiana klipu za YouTube.
- Imani ya Nikea, iliyochapwa au iliyoandikwa kwa mkono. Kama unasali Katoliki, Anglikana au KKKT unayo tayari kwenye kitabu cha sala au cha liturujia. Angalia hasa pale panaposema Mwana "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Ugomvi wote uko hapo.
- Daftari na kalamu. Usidharau hili.
- Saa mbili ambazo hakuna anayewahi popote.
- Sehemu tulivu. Kibarazani kwako, au mgahawa ambao hawajafungulia muziki.

Sehemu naomba niisisitize kidogo. Dar tumekulia kwenye mihadhara ya viwanjani, spika kubwa, mstari ukisomwa watu wanashangilia kama goli la Simba na Yanga, sasa ule mtindo umetuingia kwenye damu hata tukiwa wawili tu. Ukimwanzishia rafiki yako mada hii kwenye kijiwe cha kahawa, ndani ya dakika tano kuna mzee ameshajiteua kuwa refa na kijana mmoja anarekodi. Hapo hakuna atakayekubali hoja ya mwenzie, kila mtu analinda heshima yake.

Hatua ya 1: Jua rafiki yako anaamini nini hasa

Watu wasioamini Utatu hawako kundi moja, na ukikosea kundi utajibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza. Muulize maswali mawili tu, kwa upole:

Je, Yesu alikuwepo kabla ya kuzaliwa na Mariamu?

Alipokuwa anaomba Gethsemane, alikuwa anaomba kwa nani?

Akisema Yesu hakuwepo kabla, alianza tumboni mwa Mariamu kwa nguvu ya Mungu, na alikuwa anaomba kwa Baba ambaye ndiye Mungu peke yake, huyu ni Myunitariani wa Biblia. Wakristadelfia, dhehebu dogo la Kikristo, nao wanaamini hivyo. Mwongozo huu ni wa kwake.

Akisema alikuwepo mbinguni ila ameumbwa, yeye ni kiumbe wa kwanza, huyo yuko karibu na Mashahidi wa Yehova. Hatua nyingi za hapa zitakufaa lakini hatua ya 6 itabadilika, maana kuwepo kabla anakubali tayari.

Akisema Yesu mwenyewe ndiye Baba na ndiye Roho, huyo ni wa "Yesu pekee", ni kesi tofauti kabisa, karibu kinyume. Funga huu mwongozo.

Halafu kuna Wayunitariani wa Marekani walioungana na Wauniversali mwaka 1961. Wale hawana imani moja wanayoikiri wote, wapo hata wasioamini Mungu, kwahiyo kumsomea Yohana 1 mtu ambaye Biblia kwake ni kitabu kimoja kati ya vingi ni kupoteza hewa. Hapa Dar uwezekano wa kukutana naye ni mdogo, ila kama rafiki yako amesoma nje, uliza.

*Umefanikiwa kama:* unaweza kusema kwa sentensi moja rafiki yako anamweka Yesu wapi.

Hatua ya 2: Safisha kwanza kauli yako mwenyewe

Hii ndio hatua inayorukwa na wote wanaoniandikia. Chukua daftari, peke yako, siku moja kabla, andika:

Mungu ni mmoja. Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho Mtakatifu ni Mungu. Baba sio Mwana, Mwana sio Roho, Roho sio Baba.

Sasa yaseme bila kuongeza mfano wowote. Utaona mkono unawasha kutaka kusema maji, barafu na mvuke. Usiseme. Maji yanageuka barafu, halafu yanageuka mvuke, ni kitu kimoja kinabadilisha sura, na hilo ndilo fundisho la Sabelio, mwalimu wa karne ya tatu, ambalo kanisa lililikataa mapema kabisa. Rafiki yako atakupeleka Mathayo 3:16-17, Yesu ametoka majini, Roho anashuka kama hua, sauti inatoka mbinguni, vyote kwa wakati mmoja, halafu atakuuliza barafu ilikuwa inaongea na mvuke? Na atakuwa sahihi. Yai nalo liache jikoni, ganda sio yai, ni kipande cha yai, na hakuna Mkristo anayesema Baba ni kipande cha Mungu.

Njia inayobeba bila mfano ni kutenganisha maswali mawili. Ukiuliza "ni nini?", jibu ni moja: Mungu. Ukiuliza "ni nani?", majibu ni matatu: Baba, Mwana, Roho. Ndio maana ya umungu mmoja, nafsi tatu. Sijasema inaeleweka kirahisi, nimesema ndicho tunachokiamini, na huwezi kumshtaki mtu kwa kukataa kitu ambacho hujamwambia.

*Onyo:* usikimbilie "ni siri, haielezeki" dakika ya tatu. Ukishindwa kusema hata kinachoaminiwa, hiyo siri anaiona ni kichaka cha kujifichia.

*Umefanikiwa kama:* mtu wa nyumbani kwako amekusikiliza dakika mbili na hajasikia "kama" ya kulinganisha hata moja.

Hatua ya 3: Eleza imani yake mpaka akubali

Siku mmekaa, usianze na yako. Anza na yake. Inakuwa hivi:

"Kaka, ngoja niseme nilivyokuelewa, nikikosea nikate. Unaamini Yesu ni Masihi, alizaliwa na bikira, hakutenda dhambi, alikufa akafufuka, ameketi mkono wa kuume wa Mungu, na atarudi. Ila yeye sio Mungu, ni mwanadamu ambaye Mungu amemtukuza."

"Ndio. Ila usisahau, namheshimu kama Bwana. Watu wakisikia sio Mungu wanadhani namdharau."

"Sawa, naandika hilo."

Na unaandika kweli, mbele yake. Sababu ni hii: mtu wa namna hii akiwa Dar ameshaitwa Mwislamu, ameshaitwa Freemason, kuna aliyewekewa mikono kichwani akakemewa pepo huku ameshika Biblia yake. Amezoea kujilinda. Akisikia imani yake imesemwa vizuri na mtu asiyeikubali, analegea, na akilegea ndio anaanza kukusikiliza.

Ujue pia kwamba hakuokota haya mtandaoni jana. Hoja nyingi atakazotoa zimo kwenye Katekisimu ya Rakow, kitabu cha mafundisho cha wapinga Utatu wa zamani, iliyotoka Poland mwaka 1605. Watu wamezifikiria kwa karne, kwahiyo usimjibu kama mtu aliyechanganyikiwa.

Hatua ya 4: Tupa silaha mbovu

Kuna mistari watu wa Utatu tunaipenda na inatuaibisha. Itoe mwenyewe kabla hajaitoa yeye.

1 Yohana 5:7-8, yale maneno ya "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja". Hayamo kwenye nakala za kale za Kigiriki. Erasmus, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, aliyaacha kwenye chapa zake za 1516 na 1519, akayaingiza 1522 baada ya kelele nyingi. Ukijenga nyumba hapo, anavuta tofali moja tu.

1 Timotheo 3:16, "Mungu alidhihirishwa katika mwili". Nakala za kale zaidi hazina neno Mungu pale, zina "yeye ambaye". Iache.

Mwanzo 1:26, "na tumfanye mtu". Wayahudi wameisoma hiyo miaka yote na hawajawahi kuona watatu. Haikatazi Utatu, ila haiuthibitishi pia.

Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja". Hii sio mbovu, ila ukiitupa peke yake atakufungulia Yohana 17:22 ambapo Yesu anaomba wanafunzi nao wawe na umoja kama wao. Mitume kumi na mmoja hawakugeuka kuwa mtu mmoja. Itumie tu kama uko tayari kusoma sura nzima ya 10, pamoja na pale Wayahudi wanapookota mawe wampige na Yesu anapowajibu kwa Zaburi 82.

Nimeona watu wanasita hapa, wanaona kama wanampa mpinzani pointi za bure. Jaribu uone. Ukimwambia mwenyewe kwamba mstari huu siutumii kwa sababu hii na hii, ile iliyobaki unayoitumia inakuwa na uzito mara mbili.

Hatua ya 5: Anza na mistari yake, sio yako

Atakuja na Yohana 17:3, Marko 13:32, Yohana 14:28, 1 Timotheo 2:5. Mwache aisome yote kwa sauti. Usimkatize.

Halafu kumbuka ulichoandika kwenye daftari: Baba sio Mwana. Kwahiyo mstari wowote unaoonyesha Yesu anaomba, anatumwa, anatii, anamwita Baba "Mungu wangu", hauvunji Utatu. Unavunja tu ile imani ya Yesu-ndiye-Baba ambayo umeshaitupa hatua ya 2. "Baba ni mkuu kuliko mimi", sawa, Mwana aliyejishusha akatwaa namna ya mtumwa (Wafilipi 2:6-8) anasema hivyo na hakuna tatizo.

Marko 13:32 ni nzito zaidi na usiifanye nyepesi. "Hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba." Jibu letu la kawaida ni kwamba Mwana alitwaa ubinadamu wa kweli, na ubinadamu una mipaka, Luka 2:52 inasema aliendelea katika hekima. Rafiki atakujibu, mstari hausemi "Mwana kwa upande wa ubinadamu", unasema Mwana. Hapo mwambie, nakubali mstari wenyewe hausemi, natoa hilo kwenye maandiko mengine. Alafu muonyeshe mpangilio: watu, malaika, Mwana, Baba. Mwana amewekwa juu ya malaika, upande wa Baba. Haitoshi kumaliza kesi, ila inaonyesha kwamba hata mstari wake bora una kitu cha kumfikirisha.

*Onyo:* usiseme "hapo aliongea kama mtu, hapa kama Mungu" kila ukibanwa. Ukiitumia mara ya nne anaona unaitumia kama spana ya kila nati.

Hatua ya 6: Mpeleke kwenye swali lenyewe, nani aliumba?

Hapa ndipo pa kutumia muda, hata saa nzima. Wengi wanapigania neno "Mungu", nani ameitwa Mungu wapi, na hapo mtazunguka mpaka usiku, maana Zaburi 82:6 inawaita hata waamuzi miungu, na Zaburi 45:6 mfalme aliimbiwa kwa jina hilo. Jina peke yake halimalizi. Kazi ndiyo inamaliza. Isaya 44:24 Mungu anasema anazitanda mbingu peke yake. Mkubaliane kwanza hapo: muumba ni mmoja na hakuwa na msaidizi. Atakubali mbio, ni mstari wake huo.

Sasa rudi Yohana 17, ileile aliyoileta. Amesoma wa 3, "Mungu wa pekee wa kweli". Mwombe asome miwili mbele: "Na sasa, Baba, unitukuze mimi pamoja nawe, kwa utukufu ule niliokuwa nao pamoja nawe kabla ya ulimwengu kuwako." Ni sala ileile, pumzi ileile. Muulize: alikuwa nao vipi kama hakuwepo?

Atakujibu, na jibu lake sio la kijinga: alikuwa nao kwenye mpango wa Mungu, kama 1 Petro 1:20 inavyosema Kristo alijulikana tangu kabla ya misingi ya dunia. Lisikilize. Halafu uliza kama kuna mtu mwingine kwenye Biblia aliyeuombea utukufu aliokuwa nao "pamoja nawe" akimaanisha mpango tu. Muache afikirie, kimya hapa kina kazi.

Kisha Waebrania 1:10. Hiyo mimi naiona nzito kuliko Yohana 1:1, kwa sababu kwenye Yohana 1 anaweza kusema Neno ni hekima ya Mungu iliyokuja kukaa ndani ya Yesu, na mtabishana sana. Waebrania inamwambia Mwana moja kwa moja: "Wewe, Bwana, hapo mwanzo uliitia misingi ya nchi, na mbingu ni kazi za mikono yako." Na maneno hayo yametoka Zaburi 102:25, ambako anaimbiwa Mungu wa Israeli. Fungueni zote mbili, moja kwenye Biblia yake moja kwenye yako, zikae mezani kwa pamoja.

Akiwa amesoma sana atasema Waebrania 2:5 inaongelea "ulimwengu ule ujao", kwahiyo ni uumbaji mpya. Mwonyeshe maneno yanayofuata pale 1:11-12: mbingu hizo zitachakaa kama nguo na kukunjwa. Ulimwengu mpya hauchakai. Ni huu wa sasa.

Malizia na 1 Wakorintho 8:6. Mstari huu Wayunitariani wanaupenda, "Mungu ni mmoja tu, aliye Baba". Lakini muulize: kama "Mungu mmoja, Baba" inamtoa Mwana kwenye umungu, basi "Bwana mmoja Yesu Kristo" inamtoa Baba kwenye ubwana? Atasema Yesu amefanywa Bwana, Matendo 2:36, na Zaburi 110:1. Sawa, ila chukua Kumbukumbu 6:4, "BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja", uiweke pembeni. Paulo, Myahudi aliyekariri hayo tangu utoto, amechukua "Mungu" akampa Baba, "Bwana" akampa Yesu, na vitu vyote vimepitia kwake. Mimi hapo ndipo ninaposimama. Rafiki yako anaweza asisimame hapo, lakini ataelewa kwanini wewe umesimama.

Tomaso na "Bwana wangu na Mungu wangu" (Yohana 20:28) mtumie ukitaka, ila ujue kwenye sura hiyohiyo mstari wa 17 Yesu anasema "Mungu wangu naye ni Mungu wenu". Soma yote miwili mwenyewe kwanza, usisubiri akusomee.

*Umefanikiwa kama:* mmeacha kubishana nani kaitwa nani, mnaongelea nani alifanya nini kabla ya ulimwengu.

Hatua ya 7: Uliza kuhusu maombi

Fupi ila inagusa. Muulize: "Wewe huwa unamwomba Yesu?" Stefano alifanya hivyo akipigwa mawe, Matendo 7:59. Wayunitariani wenyewe waligawanyika hapa. Ferenc Dávid, kiongozi wao kule Transylvania (leo ni Romania), alisema Kristo asiombwe, Fausto Sozzini, mwalimu mwenzake asiyeamini Utatu, akambishia, na Dávid akafia gerezani mwaka 1579. Usilitumie kama fimbo. Ni swali la maisha yake ya kila siku, na mara nyingi ndipo mtu anapoongea ukweli kuliko kwenye mistari yote.

Roho Mtakatifu?

Siku nyingine. Serious. Yeye anaona Roho ni nguvu ya Mungu, wewe unaona ni nafsi (Matendo 5:3-4, Yohana 14:26), na ukiichanganya na mada ya Mwana kwenye kikao kimoja mtachoka wote. Andika kwenye daftari, funga.

Hatua ya 8: Jinsi ya kufunga kikao

Saa mbili zikiisha, acheni, hata kama unaona ulikuwa unakaribia kumpata. Kila mmoja aandike swali moja ambalo mwenzie amemwachia na hana jibu lake. Wewe pia, sio yeye tu. Likiwa ni lile la Marko 13:32, andika Marko 13:32.

Pangeni siku ya kurudi na majibu. Usipige picha daftari ukaipost kwenye grupu la WhatsApp la kwaya. Akikualika kwenye ibada yao nenda ukipenda, na umwalike kwenu, ila siku hiyo mchungaji asijue kabisa kwamba kuna mgeni "wa kuombewa".